Ndevu za Baba Pacha

Mume wangu alipoanza kujikuna ndevu kwa mara ya nne, mtaa wetu ulikosa usingizi. Natia chumvi kidogo, lakini kidogo tu. Mara tatu alikuwa amejikuna, na mara tatu tulikuwa tumemzika jirani kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo safari hii kila nyumba ilijiuliza swali moja: zamu ya nani? Mimi nilijiuliza kuliko wote, maana wenzangu waliziona hizo ndevu zikipita barabarani tu, mimi nakula nazo meza moja.

Ngoja kwanza niwaambie ni mtu gani. Baba Pacha ni seremala. Pacha wenyewe ni wasichana, wameshaolewa na wako mbali, tumebaki mimi na yeye na karakana yake iliyo nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Anatengeneza milango, vitanda, makabati na majeneza. Maneno yake ni ya kupima. Ukimpa habari za asubuhi, anafikiri kwanza. Lakini ana jicho, jamani! Mlango ukipungua upana wa ukucha, anaujua akiwa bado ng'ambo ya barabara, na utepe wa kupimia anautoa ili kumridhisha mteja tu. Mafundi wengine hubana penseli sikioni, yeye aliichomeka kidevuni na haikuanguka. Nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu kwamba mimi niliposwa na ndevu, mwanamume alikuja baadaye kuzibeba.

Mara ya kwanza alipojikuna nilidhani ni uchafu, na nikamwambia hivyo hivyo bila kuzunguka. Alijikuna kwenye chai, alijikuna akiongea na wateja, alijikuna kwa kucha, kwa kitana, kwa ncha ya penseli. Chini ya taya akatoka vipele vyekundu, na kwenye kola ukawa unaanguka unga mweupe. Nikamkabidhi kipande cha sabuni ya kufulia, nikamwambia asugue mpaka ngozi iombe radhi. Akasugua. Kesho yake akajikuna mara mbili zaidi.

Wiki ya tatu, fundi cherehani wa nyumba inayotazamana na yetu aliinamia mashine yake na hakuinuka tena. Mume wangu akamtengenezea jeneza la mvule, zuri la kutisha, kifuniko kimekaa juu yake kama kimeota pale. Mwasho ukapoa wenyewe. Nani angeunganisha mambo hayo mawili? Hata mimi sikuunganisha.

Kisha akajikuna tena, akafa mwalimu mstaafu. Akajikuna tena, akafa mama wa duka la kona. Ni pale makaburini, tukimzika mama wa duka, mjane wa fundi cherehani aliponivuta mkono.

"Mama Pacha, mume wako alikuwa anajikuna."

"Nani asiyejikuna?"

"Alijikuna kabla ya mume wangu. Alijikuna kabla ya mwalimu. Sasa mtazame."

Nikamtazama. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, mikono nyuma, kidevu kimetulia tuli kama mtoto aliyekwisha kunyonya.

Tangu siku hiyo hatukuwa na amani. Watu walivuka barabara wakimwona anakuja. Mwanamke mmoja alikuwa anamgeuza mwanawe mgongo ili ndevu zisimwone uso. Fundi baiskeli, mtu wa mzaha, alimuuliza kila asubuhi, "Mzee, leo kidevu kinasemaje?" Alicheka kwa meno tu, macho yalikuwa yanasubiri jibu. Na mume wangu hakujibu. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake, na kule kufikiri kwake ndiko kulikomtia mtu homa.

Nikasema basi, liwalo na liwe, nikamburuta kwa daktari wa ngozi. Daktari alikuwa binti wa miwani mwenye mikono ya baridi. Alizipasua ndevu njia njia kwa kitana, taratibu, akatazama ngozi ya chini kwa taa ndogo.

"Unaziosha kwa sabuni gani, baba?"

Baba Pacha akanitazama mimi. Nikajibu kwa niaba yake.

"Sabuni ya kufulia? Mama yangu, hiyo ni ya mashuka!" Hakucheka. Akatueleza kwamba tatizo la ndevu mara nyingi si ndevu, ni ngozi iliyojificha chini yake. Sabuni kali inaikausha, ikikauka inawasha, akijikuna anaichubua, na palipochubuka panawasha zaidi, hata usipate mwanzo wala mwisho. Tena alikuwa na mba wa kidevuni, jambo ambalo mimi sikujua kama lipo. Akaagiza sabuni laini na maji ya vuguvugu, vidole vifike mpaka kwenye ngozi, povu lote litoke, kisha akaushe kwa kugusagusa na taulo, asisugue. Matone mawili ya mafuta, si kikombe kizima. Dawa ya mba mara mbili kwa wiki, aiache dakika chache kabla ya kuisuuza. Mwasho ukizidi, abandike kitambaa cha maji baridi, kucha azikate.

"Na kazi yako ni ipi?"

"Seremala."

"Kuna mbao ambazo vumbi lake linachoma ngozi. Mvule kwa mfano. Unafanyia kazi mvule?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Mara moja moja. Majeneza ya majirani."

"Ndiyo hiyo. Vumbi linajikusanya kwenye ndevu, unatembea nalo, unalala nalo. Funga kitambaa ukifanya kazi, na ukimaliza oga kabla hujakaa."

Tukatoka. Kwenye ukumbi nikamshika shati. "Baba Pacha, jeneza hutengenezwa mtu akishakufa. Wewe unaanza kujikuna kabla. Imekuwaje?"

"Daktari amesema na sabuni pia," akanijibu, akatangulia.

Lile jibu lilinikaa vibaya, lakini nililimeza. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na mtu aliyechoka hulidaka jibu lolote. Nikamtunza kama mgonjwa. Niliiweka sabuni yangu ya kufulia mbali naye, nikampashia maji, nikamhesabia matone ya mafuta. Miezi mitano ndevu zikatulia, zikang'aa, zikanukia vizuri. Fundi baiskeli akasema sasa zinafaa kupigwa picha. Hakufa mtu. Mtaa ukasahau, au ukajitia kusahau.

Kisha ile asubuhi, tukinywa chai, mkono wake ukapanda kidevuni. Kra, kra, kra.

Mimi mwenyewe sikuwa na habari na mwili wangu wakati huo. Magauni yalikuwa yananipwaya, na nilifurahi, nikidhani nimepata ujana wa pili bila kuutafuta. Moyo ulinienda mbio nikipanda ngazi tatu za jikoni, nikasema ni joto. Mikono ilitetemeka nikimimina chai, nikasema ni hofu. Akili yangu yote ilikuwa kwa majirani. Nilimtazama bibi wa nyumba ya tatu akitembea na fimbo, nikajiuliza, ni yeye? Nilimsikia mtu anakohoa ng'ambo ya ukuta, nikajiuliza, au yule? Mjane wa fundi cherehani alikuja mpaka mlangoni, akasimama bila kuingia.

"Mwambie aache," akasema. "Tafadhali, Mama Pacha. Nina watoto wanne mle ndani."

Nilimwangalia anavyorudi kwake, na hata yeye nikamhesabu.

Siku ya nne nilikuwa nafua suruali yake ya kazi. Wiki hiyo yote alikuwa anatengeneza milango ya msonobari, mbao nyeupe, vumbi lake jeupe. Nikakunjua pindo la suruali, na kikamwagika kwenye beseni kitu cha rangi ya kahawia, kizito kidogo. Nikanusa. Pua ikaniwasha papo hapo.

Mvule. Na mtaani hakuna aliyekufa.

Niliiacha suruali majini. Mume wangu alikuwa ametoka kwenda kupachika mlango wa mteja. Nikaingia karakana mikono ikiwa bado na povu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linapenya kwenye matundu ya bati, na vumbi linaelea humo bila kushuka. Palikuwa kimya. Nikaona maranda meupe ya msonobari sakafuni, nikayafuata mpaka pembeni zilipoegemezwa karatasi za plaiwudi. Karibu na ukuta maranda yalikuwa yamegeuka kahawia. Nikasogeza plaiwudi.

Nyuma yake zilisimama mbao sita za mvule, zimepigwa randa, zimetenganishwa kwa vijiti vidogo ili hewa ipite. Na ukutani, kwa penseli, mwandiko wake ule wa herufi zilizosimama wima: Cherehani. Mwalimu. Duka. Mbele ya kila mmoja urefu, upana, na tarehe. Mazishi yao yote nilihudhuria, sikuhitaji kuuliza mtu. Kila tarehe ilikuwa imetangulia mazishi kwa wiki tatu.

Chini yao palikuwa na vipimo vya mtu wa nne, bila jina. Urefu mmoja. Upana ulikuwa umeandikwa, ukakatwa. Ukaandikwa mwingine mdogo zaidi, nao ukakatwa. Wa tatu ulikuwa mdogo kuliko yote, na haukukatwa.

Sijui ni nini kilichonituma. Nilivua viatu, nikageuka, nikaubana mgongo wangu kwenye ubao mrefu, nikaweka kiganja juu ya kichwa. Ubao ulinipita vidole vinne. Mume wangu huacha vidole vinne siku zote. Alishaniambia mwenyewe, mwaka tuliooana, nilipokuwa bado nafurahia kumsikiliza habari za kazi.

Nikakaa juu ya meza yake ya randa. Hapo ndipo niliposikia sanduku lake la vifaa likiwekwa chini mlangoni. Alikuwa amesimama pale, mkono mmoja ndevuni.

"Usiziguse," akasema kwa upole. "Bado zinapumua."

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Mimi sipumui?"

Ndipo alipoona nimekaa wapi na nimetazama nini. Akateleza kwenye mwimo wa mlango mpaka chini, akaketi kwenye maranda kama mtoto. Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko miaka yote tuliyoishi. Alisema baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyemtengenezea jeneza, kwa siku moja, kwa mvule mbichi. Wakiwa wamelibeba juani, kifuniko kikapinda, misumari ikang'oka, ukafunguka mwanya wa vidole viwili mbele ya watu wote. "Nilikuwa nimebeba upande wa kichwa," akasema. "Nikaziona ndevu za baba mle ndani. Upepo ulikuwa unazichezea." Akaapa kwamba hakuna mtu anayemjua yeye atakayefunikwa kwa kifuniko kilichopinda. Lakini mvule lazima upigwe randa, usimame wiki tatu, ndipo utulie. Lazima uanze mapema.

"Utaanzaje mapema?"

"Natazama. Shingo ikianza kuelea ndani ya kola. Mtu akianza kushika ukuta anapotembea. Kucha zikibadilika rangi. Najua tu, kama ninavyoujua mlango."

"Fundi cherehani ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa anajishika kifua akidhani hakuna anayemtazama."

"Ukamwambia nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilimchagulia mbao nzuri."

Jamani, nilimpenda mtu huyu ujana wangu wote, lakini saa ile ningeweza kumpiga na nyundo. Nilimrushia utepe wa kupimia, ukampata begani. "Mwanamume mzima! Unaniona nakwisha, unaandika! Unafuta, unaandika tena! Miguu ya kunipeleka hospitali huna?"

"Niliogopa. Nilisema nikitamka, itakuwa kweli." Alikuwa analia, machozi yanaingia kwenye ndevu na kupotelea humo. "Mkono ulianza wenyewe, Mama Pacha. Mimi nilishtukia ubao wako uko mezani."

Saa sita tulikuwa hospitali. Waligundua tezi yangu ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo iliyokuwa inanichoma mwili kutoka ndani na kuukimbiza moyo. Ni ugonjwa wenye dawa. Daktari alisema ningekaa hivyo hivyo miezi michache zaidi, moyo ungechoka. Nikameza vidonge, nikarudi kunenepa, na sijawahi kuyafurahia mapaja yangu kama mwaka ule.

Lakini sikumwacha apumue. Nilimwambia aende kwa mjane wa fundi cherehani, amweleze kwa kinywa chake. Akaenda, nikiwa nyuma yake. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wiki tatu," mara moja tu, akafunga mlango. Mpaka leo hajibu salamu ya mume wangu, na sitamlaumu.

Zile mbao alitaka kuzichoma. Nikakataa. Nikamwamuru atengeneze benchi, aliweke mbele ya karakana, barabarani kabisa, na akimwona mtu ameanza kupungua, amwite akae hapo, amwambie usoni. Wa kwanza kuitwa alikuwa fundi baiskeli. Alikaa akicheka, akaondoka kimya, na hospitali wakakuta presha yake imepanda vibaya. Yuko hai. Mtaa ukalizoea benchi letu. Wengine walipita mbele yake polepole makusudi, wakigeuza shingo ili aione vizuri, na asipowaita walienda zao wakiimba. Na kwa kuwa hakuwa tena na haja ya kuanza kazi mapema kwa siri, mvule aliuacha. Ndevu zikatulia miaka mitatu.

Wiki iliyopita, kra, kra, kra.

Nilianza na maagizo ya daktari. Sabuni ni ile ile laini. Mafuta yapo. Kitambaa cha kazini kimefuliwa na kuanikwa. Mtaa nao ukaanza kusubiri nani ataitwa kwenye benchi. Siku ikapita, ya pili ikapita, hakumwita mtu.

"Ni nani huyo usiyemwita?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema, akatazama pembeni.

Leo asubuhi, alipokuwa anaoga, nikaenda nyuma ya plaiwudi. Mbao zilikuwepo, sita, na vijiti katikati. Nikavua viatu, nikasimamisha mgongo. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa changu na bado ubao ulikuwa unaendelea. Ukutani urefu ulikuwa umeandikwa. Upana hakuandika, maana mtu hawezi kujiona anavyopungua.

Nikamkuta jikoni anajifuta uso kwa taulo, kwa kugusagusa, kama alivyofundishwa. Nikamwambia akae. Nikaingiza vidole ndani ya ndevu, njia njia, kama alivyofanya yule daktari, nikitafuta vipele. Vipele vilikuwepo vichache. Ila palipokuwa na shavu, nikagusa mfupa. Nikateremka mpaka shingoni, nikagusa mfupa. Miaka yote hiyo nilizitunza ndevu, nikazitazama asubuhi na jioni, na zilikuwa zimemficha mume wangu humo ndani.

"Vaa viatu," nikasema.

"Kesho. Nina mlango wa watu wa kumalizia."

"Ungesema lini? Ukishamaliza kifuniko?"

Akafikiri kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikitamka, Mama Pacha..."

"Vaa viatu, Baba Pacha."

Akavaa. Nilimfunga kamba za viatu mwenyewe, mikono yake ilikuwa kidevuni. Tukatoka kwa mlango wa mbele, nimemshika kiwiko, na kiwiko kilikuwa chepesi. Anajikuna hatua kwa hatua. Watu wakatoka milangoni. Bibi wa nyumba ya tatu akajipapasa shingo. Fundi baiskeli akaacha gurudumu, akaja akaketi mwenyewe kwenye benchi, jasho linamtoka, akauliza, "Mzee, ni mimi?" Mume wangu akatikisa kichwa. Basi mtaa mzima ukageuka ukaanza kutazamana, jirani kwa jirani, kola kwa kola, wakitafuta ni nani, na katika wote wale hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye.